Kwa Nini Gari Kuukuu Hushindwa Mlima

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hupita Ruaha Mbuyuni, kisha huanza kuupanda mlima wa Kitonga kwa kona kali zinazofuatana, jabali likiwa upande mmoja na bonde upande wa pili. Hapo ndipo liliponishinda gari langu, Volkswagen 1300 ya mwaka 1968, ile yenye umbo la mgongo wa chura, niliyoirithi kwa marehemu baba. Nilikuwa nikimrudisha mama nyumbani Iringa. Injini ilianza kutetemeka, nikaingiza gea ya kwanza, na kabla ya kona iliyofuata ikazimika kabisa. Nyuma yetu lilikuwapo lori la shehena. Mama, mwenye umri wa miaka 71, ndiye aliyeshuka kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu, maana mimi sikuthubutu kuondoa mguu kwenye breki.

Wiki mbili kabla ya safari hiyo nilikuwa nimetumia fedha nyingi kuitia injini nguvu. Nilinunua plagi mpya, kabureta kubwa kuliko ile ya awali, na chupa mbili za dawa ya kuchanganya na petroli. Muuzaji alinieleza kwamba magari ya zamani yamedhoofika tangu risasi ilipoondolewa katika petroli. Ni kweli kwamba nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kutumia petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na ni kweli pia kwamba zipo injini za zamani ambazo siti zake za valvu, kwa kuwa ni za chuma laini, zilihifadhiwa na risasi hiyo. Lakini kichwa cha silinda cha Volkswagen hii ni cha aluminiamu, na siti zake ni za chuma kigumu kilichopachikwa. Maelezo ya muuzaji hayakuihusu hata kidogo. Nami, niliyepata shahada ya udaktari ng'ambo kwa kuchunguza mambo ya joto na mitambo, nililipa bila ya kuuliza swali.

Dereva wa lori alitukokota kwa kamba hadi juu. Siku ya pili, mjini Iringa, fundi mmoja mzee alinisikiliza nikimweleza habari za kabureta na dawa, kisha akauliza, "Mwalimu, mgandamizo umeupima?"

Sikuwa nimeupima. Hebu tueleze maana ya swali lake. Injini ya petroli, kwa utaratibu uleule aliouunda Nikolaus Otto nchini Ujerumani mwaka 1876, hufanya kazi kwa hatua nne: pistoni huvuta hewa na petroli, huigandamiza, cheche huiwasha, na moshi husukumwa nje. Nguvu yote huzaliwa katika hatua ya tatu, lakini ukubwa wake huamuliwa katika hatua ya pili. Mchanganyiko usiogandamizwa barabara hauwezi kurudisha nguvu nyingi uwakapo, hata ukitiwa dawa gani. Ikiwa valvu haifungi sawasawa, au ringi za pistoni zimelika, mgandamizo huvuja, na pamoja nao huvuja uwezo wa gari.

Kipimo chenyewe ni saa ndogo yenye mpira mwishoni, ambayo hushindiliwa katika tundu la plagi. Injini ikiwa na joto, plagi zote hung'olewa, pedali ya mafuta hukanyagwa hadi mwisho, na stata huzungushwa mara kadhaa. Silinda zangu zilionyesha kilo 6.4, 6.3, 3.4 na 6.2 kwa sentimita ya mraba. Msomaji asishangazwe na udogo wa hizo tatu nzima. Iringa iko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na saa haiwezi kusoma kama isomavyo pwani. La muhimu ni kuzilinganisha silinda zenyewe kwa zenyewe, na hapo hapakuwa na shaka: ya tatu ilikuwa mgonjwa.

Mafundi wengi hapo humimina kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima tena. Kipimo kikipanda, kosa ni la ringi. Kisipopanda, ni la valvu. Njia hiyo ni nzuri kwa injini zenye silinda zilizosimama. Katika Volkswagen hii silinda zimelala, na oili hukusanyika upande wa chini tu, hivyo jibu laweza kudanganya. Mzee yule alifunga valvu zote mbili za silinda ile, akaijaza hewa kwa pampu, kisha akatega sikio: kwenye kabureta, kwenye tundu la kutilia oili, na kwenye bomba la ekzosi. Mluzi ulitoka ekzosi. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua.

Kwa nini silinda ya tatu? Hili ni jambo ambalo wenye magari haya wangefaa kulijua. Katika injini za Volkswagen zilizotengenezwa kabla ya zile za mwaka 1971, kipoza oili kimesimama katika njia ya upepo wa feni uendao silinda ya tatu, na silinda hiyo hupata hewa iliyokwisha pashwa joto. Baadaye kiwanda chenyewe kilikihamisha kipoza hicho. Valvu inayokaa katika joto kali huzama kidogo kidogo katika siti yake na shina lake hurefuka, hata ile nafasi ya tapeti ikapungua. Kipimo kinachotakiwa ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Yangu ilikuwa sifuri. Valvu isiyo na nafasi haifungi kabisa, na isipofunga haipati kuliachia joto lake kwenye siti, basi huungua.

Injini hii hushikwa na bolti nne tu, na adhuhuri ilikuwa chini. Fundi alitia valvu mpya, akaisaga kwa unga wa kusagia hadi ikakaa barabara, akaseti tapeti zote nane na platini kwa milimita 0.4, kisha akarekebisha wakati wa cheche kwa msaada wa taa ndogo ya balbu moja. Tulikwangua pia matope na majani makavu katika mapezi ya silinda, na tukabadilisha oili ya kichujio cha hewa. Hili la mwisho ni dogo kwa gharama, lakini vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, nazo husaga ringi kama tupa. Wapo wanaoondoa kichujio ili injini "ipumue." Inapumua mchanga.

Kazi yote iligharimu chini ya bei ya ile kabureta kubwa, ambayo mzee aliing'oa. Katika mwendo mdogo tundu pana hupunguza kasi ya hewa, petroli haisambai vizuri, na gari hupoteza nguvu pale pale inapohitajika kwa kupanda. Ama kuhusu dawa za chupa na vifaa vya kupunguza matumizi ya petroli, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limekwisha chunguza zaidi ya 100, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote.

Sharti nikiri kwamba matengenezo hayaondoi mlima. Injini hii ilipokuwa mpya ilikuwa na nguvu za farasi 40. Katika usawa wa Iringa hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 15, na nguvu hupungua kwa kiasi kama hicho, hata kwa injini isiyo na kasoro. Tena petroli huzidi hewa kwa kama asilimia 8, ndiyo maana wakazi wa nyanda za juu hutia jeti ndogo katika kabureta. Anayeteremka kuishi pwani na airudishe ile kubwa, kwani petroli ikipungua mno injini hupata joto, na valvu zitaungua upya.

Sasa hukagua tapeti kila kilomita 5,000. Mara ya kwanza zile saba zilikuwa palepale, na ile ya ekzosi ya silinda ya tatu ilikuwa imeshuka hadi 0.10. Niliirudisha mahali pake. Mwezi wa Desemba nilimchukua tena mama, tukaipanda Kitonga kwa gea ya pili bila ya kusimama. Miguuni pake aliweka jiwe, akasema ni la akiba.