Nyaya za Kuunganisha Kompyuta Shuleni

Mji wa Tabora umezoea kuwa njia panda. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, mingine ikielekea Ujiji na mingine kaskazini hadi Buganda. Reli ya Kati ilifika mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Mtandao wa kompyuta hufuata kanuni iyo hiyo: kila kompyuta huvutiwa waya wake hadi kwenye njia panda moja, yaani kifaa kiitwacho swichi, ambacho hupokea ujumbe na kuupeleka kwa kompyuta inayohusika.

Msokoto

Waya utumikao sana una nyuzi 8 za shaba, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi 4. Msokoto huo si pambo. Waya wa umeme au mota iliyo karibu huamsha umeme kidogo katika nyuzi zote mbili za jozi, kwa kiasi kilicho karibu sawa. Kwa kuwa kipokezi husoma tofauti tu kati ya nyuzi hizo, usumbufu hujifuta wenyewe. Kwa sababu hiyo, fundi afungapo plagi hapaswi kufumua msokoto zaidi ya milimita 13, wala waya wa data haulazwi sambamba na waya wa taa katika bomba moja.

Umbali

Kila mita hupunguza nguvu ya ishara. Kikomo kilichowekwa ni mita 100: mita 90 za waya wa ukutani na mita 10 za vipande vya kuunganishia kwenye ncha zake. Msomaji achukue mfano wa shule katika mtaa wa Isevya. Ofisi ipo mita 80 kutoka kwenye swichi. Waya hupanda mita 3 hadi darini, huzunguka kona kwa mita 7, kisha hushuka mita 3. Jumla ni mita 93. Kikomo kimepitwa, ingawa utepe sakafuni ulionyesha 80. Dawa yake ni kuweka swichi ya pili katikati, kwani hapo hesabu huanza upya.

Shaba halisi

Sokoni zimo nyaya za alumini zilizopakwa shaba. Ukinzani wa alumini ni takriban mara 1.6 ya ule wa shaba, hivyo ishara huchoka mapema. Kukwangua ncha ya uzi kwa kisu hufichua rangi ya fedha iliyo ndani.

Radi

Mvua za Tabora, kati ya Novemba na Aprili, huja na radi. Radi ipigapo jirani, volteji ya ardhi chini ya jengo moja hutofautiana na ya jengo jingine. Waya wa shaba uliounganisha majengo hayo huwa daraja la umeme huo, na kompyuta za pande zote mbili huweza kuungua kwa pigo moja. Kati ya jengo na jengo hufaa nyuzi za kioo, ambazo hupitisha mwanga tu. Gharama yake ni kubwa kuliko ya shaba, lakini ni ndogo kuliko ya kununua upya kompyuta za darasa zima.