Deni la Makusudi na Hesabu ya Kadi za Mkopo Zenye Zawadi Nchini Marekani

Swali ambalo wataalamu wa fedha za familia nchini Marekani huulizwa bila kukoma, na ambalo wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki hurithishwa na ndugu waliowatangulia kana kwamba ni kanuni iliyothibitishwa, ni hili: mtu anayetumia kadi ya mkopo yenye zawadi aache deni la kiasi gani kila mwezi ili alama zake za mkopo zipande? Jibu ni sifuri, na limekuwa sifuri tangu kampuni ya Fair Isaac ilipozindua alama za FICO mwaka 1989. Swali hili linapaswa kumalizwa kabla ya kutajwa jina la kadi yoyote, kwa sababu zawadi ya asilimia 2 haiwezi kusimama mbele ya riba inayozidi asilimia 20 kwa mwaka, na mtu anayebeba deni kwa makusudi hana zawadi ya kuchagua, hata akipewa kadi nzuri kuliko zote.

Alama za FICO, zinazoanzia 300 hadi 850, hujengwa kwa mafungu matano: historia ya kulipa kwa wakati huchukua asilimia 35, kiasi kinachodaiwa asilimia 30, umri wa akaunti asilimia 15, na maombi mapya ya mkopo pamoja na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10 kila moja. Katika mafungu hayo hakuna linalomhesabia mteja fadhila kwa riba aliyolipa, wala ripoti zinazotunzwa na ofisi za kumbukumbu za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, ambazo ndizo malighafi ya alama hizo, hazina safu ya riba. Aliyelipa deni lote na aliyelipa kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa huandikwa vilevile katika historia ya malipo, yaani amelipa kwa wakati. Tofauti yao ni kwamba mmoja amebaki na fedha zake na mwingine amezitoa bila kupata chochote.

Dhana kwamba kuacha deni hupandisha alama imedumu kwa sababu imejengwa juu ya nusu ya ukweli, na nusu hiyo inahusu tarehe mbili ambazo watu huzichanganya. Tarehe ya kwanza ni ya kufunga hesabu, siku ambayo benki hujumlisha matumizi ya mwezi, hutoa taarifa na kwa kawaida hupeleka salio hilo kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo; ya pili ni tarehe ya mwisho ya kulipa, ambayo kwa sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 haiwezi kufika kabla ya siku 21 kupita tangu taarifa itumwe. Ni kweli kwamba kadi zote zikionyesha sifuri siku ya kufunga hesabu, alama zinaweza kuwa chini kidogo kuliko pale kadi moja inapoonyesha salio dogo, kwa kuwa mfumo hutaka kuona dalili ya matumizi. Lakini salio hilo ni lile lililoandikwa kwenye taarifa, ambalo mteja hulilipa lote kabla ya tarehe ya pili bila kutoa hata senti moja ya riba. Kutoka hapo mpaka ushauri wa kuacha deni livuke tarehe ya mwisho ni hatua isiyo na msingi wowote, na inasikitisha kwamba hurudiwa hata na watu wanaouza huduma za kurekebisha alama za mkopo, ambao kazi yao ingewalazimu kulijua jambo hili kabla ya mengine yote.

Gharama ya kuacha deni nayo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa hudhani riba hutozwa juu ya kile kidogo kilichobaki. Mtu anayenunua bidhaa za dola 1,500 kwa mwezi kwa kadi ya asilimia 2 hupata zawadi ya dola 30. Tuseme riba ya kadi yake ni asilimia 22 kwa mwaka, na kila mwezi huacha dola 200 akiamini zitamgharimu kama dola 4 tu. Anachokisahau ni kwamba deni linapovuka tarehe ya mwisho hufuta kipindi cha msamaha, yaani ule muda kati ya kununua na kulipa ambao benki haitozi riba, hivyo kila anachonunua huanza kutozwa tangu siku ya manunuzi. Benki nyingi hukokotoa riba kwa wastani wa salio la kila siku, na mtu huyo akiendelea hivyo mfululizo, akilipa siku ya 25 baada ya taarifa, wastani wake unaweza kufikia dola 2,200, kwa kuwa taarifa ya dola 1,700 hukaa karibu mwezi mzima huku manunuzi mapya yakirundikana juu yake. Riba ya mwezi hapo ni takribani dola 40. Zawadi yote imeliwa na dola 10 zimetoka mfukoni, ili kununua alama ambazo hazikuongezeka. Tena katika toleo la FICO 10T, lililotangazwa mwaka 2020 na linalotazama mwenendo wa salio kwa miezi 24 au zaidi, tabia ya kubeba deni mwezi baada ya mwezi inaweza kumshusha mteja badala ya kumpandisha.

Anayetaka alama zake zionekane vizuri karibu na ombi la mkopo wa nyumba au gari ana njia isiyo na gharama: alipe sehemu kubwa ya deni siku chache kabla ya hesabu kufungwa, ili kadi yenye ukomo wa dola 5,000 ionyeshe salio la dola 300 badala ya 1,500, kisha amalize kilichobaki kabla ya tarehe ya mwisho. Zaidi ya hapo ni kuweka malipo ya moja kwa moja ya salio lote na kuacha kulifikiria.

Kuhusu kadi zenyewe, mbili zinatosha na ya tatu ni ya msafiri. Msingi ni kadi isiyo na ada ya mwaka inayorudisha asilimia 2 kwa kila kitu, kama Citi Double Cash au Wells Fargo Active Cash. Ya pili ni ya chakula: kwa masharti ya mwaka 2024, Blue Cash Everyday ya American Express hurudisha asilimia 3 kwenye supamaketi za Marekani bila ada, na Blue Cash Preferred asilimia 6 kwa ada ya dola 95, zote kwa dola 6,000 za kwanza za mwaka. Preferred huishinda Everyday pale manunuzi ya supamaketi yanapozidi takribani dola 3,170 kwa mwaka, ila Walmart, Target na Costco hazihesabiwi kuwa supamaketi, na duka dogo la nyama halali au la unga wa ugali huingia kundi lolote ambalo mtoa huduma wake wa malipo amelisajili, kwa hiyo ni vyema kujaribu manunuzi madogo na kutazama kilichorudi. Kadi za asilimia 5 zinazobadilisha makundi kila robo mwaka, kama Discover it, zina ukomo wa dola 1,500 kwa robo na hudai kuwashwa kila mara. Asiye na subira hiyo aziache. Mgeni asiye na historia aanze na kadi ya dhamana, ambayo amana yake huwa ndiyo ukomo, na kadi yake ya kwanza isiyo na ada asiifunge.

Anayerudi Mombasa au Dar es Salaam kila mwaka ajue kwamba zile kadi mbili za asilimia 2 hukata asilimia 3 kwa malipo ya nje ya Marekani, hivyo kila ununuzi huko ni hasara. Capital One Quicksilver, yenye asilimia 1.5 bila ada ya mwaka wala ada ya nje, inafaa zaidi, na mashine ya dukani ikiuliza, malipo yachaguliwe kwa shilingi, si kwa dola. Kutuma fedha nyumbani ni jambo jingine kabisa: benki nyingi huhesabu utumaji kwa kadi ya mkopo kuwa ni kuchukua fedha taslimu, hutoza ada ambayo mara nyingi ni asilimia 5, huanza riba siku hiyohiyo bila kipindi cha msamaha na hazitoi zawadi yoyote, kwa hiyo fedha za kwenda M-Pesa zitoke kwenye akaunti ya benki.