Habari, Taarifa na Tangazo

Mwandishi wa habari na afisa habari wanashiriki neno moja katika majina ya kazi zao. Wa kwanza hutumwa na gazeti kwenda kutafuta. Wa pili huajiriwa na wizara au shirika aeleze mambo ya mwajiri wake. Msomaji anayeona "habari" pande zote mbili atajuaje anamsikiliza nani?

Mvutano huu si mgeni. Mwaka 1906 Ivy Lee, Mmarekani aliyewahi kuwa mwandishi wa magazeti, aliwapelekea wahariri tamko kwamba angewatumikia wenye makampuni kwa uwazi, bila siri. Oktoba ya mwaka huo treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, watu zaidi ya 50 wakafa. Lee akaandika maelezo kwa niaba ya kampuni, na gazeti la New York Times likayachapa kama yalivyokuja. Lakini baada ya mauaji ya Ludlow, Colorado, mwaka 1914, alipowatumikia akina Rockefeller, vijarida vyake kuhusu mgomo wa wachimba makaa vilikuwa na mambo yasiyo kweli. Upton Sinclair akalichezea jina lake, akamfananisha na mmea wenye sumu.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenga kazi hizi. "Tangazo" lina mwenyewe, naye hulipia nafasi yake. "Habari" ni ile iliyoulizwa na kupimwa na mwandishi. Katikati yake ipo "taarifa kwa vyombo vya habari". Istilahi hii hulaumiwa kwa urefu, ila mimi nisingeikata: neno "kwa" ndilo linaloonyesha kwamba jambo limepelekwa tu, bado halijawa habari. Kweli, redio imetuchanganya kidogo kwa "taarifa ya habari", ambayo ni habari zenyewe.

"Uhusiano mwema" una kasoro nyingine, kwani sifa imekwisha kutolewa kabla ya kazi kufanywa. "Afisa uhusiano" yatosha. Kwa yule wa wizara au shirika napendekeza "afisa taarifa", na "habari" aachiwe mwandishi.

Limesalia neno "bahasha", kwa maana ya fedha anazokabidhiwa mwandishi mkutano unapokwisha. Wenye kuipokea huiita "nauli". Ofisini tumegawanyika: wengine wanaona kuliorodhesha ni kulihalalisha. Mimi ningeliorodhesha, tena karibu na "rushwa". Maoni ya wasomaji yanakaribishwa.