Benga ya Ukambani: Jukwaa Linalipa, Hakimiliki Imelala

Kwenye kibanda cha simu mjini Tala, muziki huuzwa bila mwanamuziki kujua. Mwendesha boda boda anatoa flashi, kijana wa kompyuta anaijaza nyimbo za Kikamba, za zamani na za juzi, analipwa shilingi chache, na redio ya pikipiki inaanza kunguruma. Mtunzi haambulii kitu.

Mtunzi huyo mara nyingi ni mtu wa papa hapa. Kaskazini mwa Tala umesimama mlima Kilimambogo, ulioipa jina bendi ya mwanabenga Kakai Kilonzo, Kilimambogo Brothers. Kakai aliielewa biashara. Alitunga kwa Kikamba, akatunga na kwa Kiswahili, na nyimbo kama Mama Sofi zikapata wanunuzi mbali na Ukambani. Alifariki mwaka 1987, angali kijana. Wakati wake wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili ili uenee kwenye pande mbili za santuri ndogo. Watunzi wengi walilipwa mara moja tu na maprodyusa wa River Road, Nairobi, na hesabu ikaishia hapo. Kanda zilipoingia, wanakili haramu wakazifuata, na soko la santuri likafa.

Leo pesa za benga ziko jukwaani. Ken wa Maria, Katombi na Maima wamejenga majina kwa shoo za wikendi, video za YouTube na vituo kama Musyi FM. Ukodishaji wa bendi hulipa papo hapo, lakini kuna vyombo, mafuta ya gari, wapiga gitaa na wachezaji wa kugharamia, na msanii akiugua mwezi mmoja, mapato yanakatika. Milio ya simu ya Skiza nayo huleta chochote, ila fungu hilo hupitia serikali, kampuni ya simu na wakala kabla ya kumfikia mwenye wimbo.

Linalobaki mwili ukichoka ni mrabaha, na hapa ndipo tunapopoteza mali nyingi. MCSK, chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, kimekuwepo tangu miaka ya 1980, lakini mwaka 2017 Kecobo, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ilikinyima leseni na kuipa chama kingine, MPAKE, na mvutano wa nani akusanye pesa umewachosha wasanii. Muda wa hakimiliki nao hutofautiana: mtunzi wa Marekani kama Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, aliyevuma enzi zile zile za Kakai, alifariki mwaka 2019, na sheria ya kwao inazilinda tungo zake miaka 70 baada ya kifo. Kenya ni miaka 50. Kwa hesabu hiyo tungo za Kakai ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa mwaka 2037.

Rekodi zenyewe zina saa nyingine: miaka 50 tangu ziliporekodiwa. Santuri iliyorekodiwa mwaka 1976 inatoka kwenye ulinzi mwaka 2026 ukiisha, ingawa tungo iliyomo bado ina mwenyewe. Kwa hiyo familia yenye santuri za baba sandukuni inahitaji kujua ni nini hasa inachomiliki, iandike majina ya nyimbo na miaka yake, itafute mkataba wowote uliosalia, na kuisajili kazi hiyo kwa Kecobo, usajili unaofanyika mtandaoni.