Nani Hakufika Kituoni? Chanjo ya Wazee na Takwimu Zinazopotosha

Mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa Unguja na Pemba. Kati ya watu 48,178 waliostahili, 23,921 walikamilisha dozi mbili, takriban nusu. Kipindupindu kilipozuka, watafiti waliwalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, wakakadiria kinga ya asilimia 79. Lakini utafiti wa aina hii haugawi watu kwa bahati nasibu. Watu hujichagua wenyewe. Ndipo linapozuka swali: je, makundi hayo mawili yalifanana kabla ya chanjo?

Kwa wazee swali hilo ni zito zaidi. Tuchukue mfano wa Kendwa. Mzee anayefika kituoni kwa miguu yake amekwisha kuonesha kuwa ana nguvu. Jirani yake aliyelazwa kitandani na kiharusi hafiki. Huyu wa pili akifariki baada ya miezi michache, ataandikwa miongoni mwa wasiochanjwa, na chanjo itapewa sifa iliyo ya afya ya yule wa kwanza. Huu ndio upendeleo wa uteuzi.

Mwaka 2006, Lisa Jackson na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watu 72,527 wenye miaka 65 na zaidi. Kabla ya msimu wa homa ya mafua, wakati chanjo haikuwa na cha kuzuia, hatari ya kifo kwa waliochanjwa ilikuwa asilimia 39 tu ya ile ya wasiochanjwa. Ndani ya msimu ilikuwa 56, na baada yake 74. Kinga ilionekana kubwa zaidi pale isipoweza kuwapo! Haimaanishi kwamba chanjo haifai. Kilichotiwa chumvi ni kipimo. Kwa maoni yangu, kila utafiti wa namna hii ungepaswa kutazama kwanza kipindi kama hicho.

Upotofu huweza pia kugeuka. Wagonjwa wa muda mrefu wakitangulizwa, kama ilivyopangwa kwa chanjo ya UVIKO-19 Tanzania Bara mwaka 2021, chanjo huweza kuonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Mhudumu, daftari la kituo lina waliofika tu. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, huorodhesha hata wasiotoka nyumbani, na sheha anawajua. Kwa kila asiyechanjwa andika sababu: anaumwa, hana usafiri, au amekataa. Nawe usiyeweza kutoka, mtume jamaa aulize kama unaweza kufuatwa nyumbani. Udhaifu wa mwili peke yake si sababu ya kuachwa.