Mali ya Mfalme

Katika Uingereza ya karne ya 12, sheria ilimhesabu Myahudi, pamoja na vyote alivyokuwa navyo, kuwa mali ya mfalme. Aliyemdhuru alikuwa amemgusa mfalme mwenyewe, na kwa miaka mingi hilo lilimpa Myahudi kinga. Ila mwenye mali ndiye aamuaye itumikeje, na msiba wote ulianzia hapo.

Kanisa liliwakataza Wakristo kutoza riba, na Wayahudi wengi, waliofungiwa kazi nyingine, wakajikuta katika ukopeshaji. Tajiri wao mkubwa, Aaron wa Lincoln, alikopesha hata nyumba za watawa. Alipofariki mwaka 1186, Mfalme Henry II alitwaa mali yake, na madeni yalikuwa mengi hata ikaundwa idara maalumu ya hazina kuyakusanya. Wadeni hawakupata nafuu. Sasa aliyewadai alikuwa mfalme.

Chuki ilikuwa ikipanda. Machi 1190, Richard I akiwa ng'ambo akijiandaa kwa Vita vya Msalaba, ghasia zilizuka mjini York. Wayahudi wapatao 150 walikimbilia ngome ya mfalme, wakazingirwa. Wengi waliuana wenyewe kwa wenyewe kuliko kuangukia mikononi mwa umati. Waliobaki walitoka baada ya kuahidiwa kwamba wakibatizwa watasalimika, wakauawa. Kisha wauaji, ambao viongozi wao walikuwa wadeni wenye vyeo, wakaenda kanisa kuu, zilikohifadhiwa hati za madeni, wakazichoma.

Ukitaka kujua serikali ilithamini nini, tazama ilichofanya baadaye. Watu wa York walitozwa faini. Mwaka 1194 yakawekwa katika miji mikubwa masanduku ya kufuli tatu ya kutunzia nakala za mikataba, ili moto usiifute tena haki ya hazina. Hati zikapata ulinzi ambao watu hawakuupata.

Katika karne iliyofuata, Mfalme Henry III aliwakamua Wayahudi kwa kodi mfululizo hadi wakafukarika. Mwaka 1275 mwanawe, Edward I, alipiga marufuku riba, na Wayahudi wakapoteza riziki. Julai 1290 aliamuru wote waondoke kabla ya Novemba mosi. Nyumba zao zikawa zake. Wapo wanaotaja uchaji wa Edward. Sikatai kwamba alikuwa mcha Mungu, lakini majira yale bunge lilimwidhinishia kodi kubwa, na waliofukuzwa hawakuwa tena na cha kumpa.