Rangi ya taa za gari isiwe sumu ya mapafu yako

Siku za Jumamosi asubuhi, katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa, Nakuru na Eldoret, si ajabu kuwaona wenye magari wakiwa wamechutama nyuma ya magari yao, msasa mkononi. Baadhi yao husugua vifuniko vya taa za nyuma vilivyofifia kwa jua na vumbi. Wengine, hasa vijana, huvipulizia rangi nyeusi nyepesi ili gari lipendeze. Kazi yenyewe huonekana rahisi, vifaa vyake hupatikana katika maduka ya vipuri, na mtu huokoa pesa ambazo angemlipa fundi.

Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kuwa kazi hii ndogo inaweza kumwachia mtu ugonjwa wa pumu usiomtoka maishani. Wachache zaidi huwaza juu ya usalama wa dereva atakayewafuata barabarani usiku. Ikiwa wewe ni mmoja wa wanaopenda kujifanyia kazi hii nyumbani, ni vyema ufahamu hatari zake, na ufahamu pia kuwa iko njia ya kurudishia taa zako mng'aro bila kupuliza chochote.

MNA NINI MKEBENI?

Rangi ya kupuliza huwa na sehemu kuu tatu: chembe za rangi yenyewe, gundi inayoifanya ishike, na viyeyusho vinavyoifanya iwe majimaji. Viyeyusho hivyo, kama vile toluini na zailini, ndivyo vinavyotoa ile harufu kali unayoisikia pia ukifungua mkebe wa thina.

Unapovuta mvuke wake, huingia mapafuni, kisha katika damu, na baada ya muda mfupi hufika kwenye ubongo. Hapo utaumwa na kichwa, utasikia kizunguzungu na kichefuchefu, na macho yatawasha na kutoa machozi. Anayeendelea kupuliza katika gereji iliyofungwa anaweza hata kuzirai. Ngozi nayo hupoteza mafuta yake ya asili, ikakauka na kupasuka.

Wengi hupata nafuu wakitoka nje na kuvuta hewa safi. Kwa sababu hiyo, watu wamezoea kuamini kwamba harufu ikiisha, hatari nayo imekwisha. Imani hii ndiyo inayowaponza, kwa maana iko kemikali nyingine mbaya zaidi ambayo haikupi onyo lolote kwa njia ya pua.

HATARI ISIYO NA HARUFU

Baada ya kusugua taa au kuipaka rangi, wengi humalizia kwa vanishi ya magari, ile ambayo mafundi huiita "klia". Vanishi hii ni ya aina mbili. Ya kwanza hukauka yenyewe viyeyusho vinaporuka. Ya pili huchanganywa na dawa ya kuigumisha, ambayo mafundi huiita "hadina". Hii ya pili hung'aa zaidi na hudumu zaidi, na ndiyo maana mafundi wengi huipenda.

Dawa hiyo ya kugumisha kwa kawaida huwa na kemikali ziitwazo isosianati. Kazi yake ni kujifunga kwenye gundi ya vanishi na kuifanya ngumu kama kioo. Tatizo ni kwamba ukizivuta, hujifunga vilevile kwenye protini zilizo katika njia zako za hewa. Kinga ya mwili huanza kuziona kama adui. Jambo hili linaweza kutokea baada ya miaka ya kufanya kazi hiyo, au baada ya kuvuta kiasi kikubwa mara chache tu.

Mwili ukishajenga mzio huo, hauna kurudi nyuma. Kuanzia siku hiyo, hata kiasi kidogo mno kinaweza kukuletea shambulio la pumu. Kifua hubana, pumzi hutoa mlio, na kikohozi hakikomi. Baya zaidi ni kwamba dalili hizi zinaweza kukawia kwa saa kadhaa. Mtu hupuliza vanishi mchana, kisha akaamka usiku wa manane akitafuta pumzi. Asubuhi hudhani ni mafua au baridi ya usiku, akanywa dawa ya kikohozi na kurudi kwenye mkebe wake.

Hofu hii si ya kubuni. Nchini Uingereza, shirika la serikali linalosimamia afya na usalama kazini linasema kuwa wapuliza rangi za magari wamo katika hatari ya kupata pumu mara 80 hivi kuliko wafanyakazi wengine. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 24, 2023, mtu hawezi kutumia kazini bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hizi kabla ya kupata mafunzo maalumu.

Wewe unayefanya kazi nyumbani huna mafunzo hayo, wala huna chumba maalumu cha kupulizia rangi. Pengine kinga yako ni kitambaa ulichojifunga puani, au barakoa zile nyepesi tulizozizoea wakati wa korona. Barakoa hiyo haizuii mvuke hata kidogo. Hata ile yenye vichujio vya mkaa maalumu haitoshi kwa isosianati, kwa sababu kichujio kikijaa, hutasikia harufu ya kukuonya. Wataalamu hutaka mpulizaji avae kofia iliyounganishwa na mpira unaomletea hewa safi kutoka mbali.

Basi utaitambuaje vanishi ya aina hii? Soma maandishi yaliyo kwenye mkebe na utafute neno la Kiingereza "isocyanate", hata kama limetanguliwa au kufuatwa na maneno mengine. Ukiuziwa mikebe miwili ya kuchanganywa, tahadhari. Iko pia mikebe ya kupuliza yenye kitufe cha kubonyeza chini ya kitako. Kitufe hicho ndicho kinachofungulia dawa ya kugumisha. Usiitumie nyumbani.

JIRANI NAYE ANAVUTA

Wengi wetu mijini tunaishi katika ploti ambamo milango inatazamana. Ukungu wa rangi haujui mpaka. Matone yake madogo, yasiyoonekana kwa macho, huendelea kuelea hewani hata baada ya wewe kudhani kuwa umemaliza. Huingia madirishani, hutua kwenye nguo zilizoanikwa, na huvutwa na watoto wanaocheza uani. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hivyo huvuta zaidi kulingana na uzito wake. Wanaougua pumu na akina mama wajawazito wasikaribie kabisa.

Usisahau moto. Mvuke wa thina na wa rangi ni mzito kuliko hewa. Badala ya kupaa, hutambaa chini hadi ukutane na jiko la makaa au meko ya gesi ya jirani, ukalipuka.

USALAMA WA ALIYE NYUMA YAKO

Tuseme umepuliza rangi nyeusi na hukudhurika. Bado liko swali la mwenzako barabarani.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari zinataka taa ya breki itoe mwanga usiopungua kandela 60, nayo taa nyekundu ya kawaida ya nyuma isipungue kandela 4. Kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga. Moja ni kama ule wa mshumaa. Taa hizo zilipimwa zikiwa na vifuniko vyake vya asili. Ukipaka rangi inayopitisha nusu tu ya mwanga, umeipokonya taa nusu ya nguvu zake. Ongeza vumbi na matope ya msimu wa mvua, na kinachobaki ni kidogo sana.

Mchana mambo si mazuri zaidi. Jua linapowaka, taa ya breki hushindana na mwanga wa jua wenyewe, na taa iliyotiwa giza hushindwa.

Kibaya zaidi kiko kwenye vile vipande vinavyoakisi mwanga, ambavyo katika magari mengi vimo ndani ya taa hizo hizo za nyuma. Vipande hivi havihitaji betri. Gari likikwama gizani, ndivyo vinavyorudisha mwanga wa anayekuja. Lakini mwanga huo hupita kwenye rangi yako mara mbili, ukiingia na ukitoka. Ikiwa rangi hupitisha nusu, nusu ya nusu ni robo. Hebu jiulize ungependa kukwama na robo hiyo saa nne ya usiku katika barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa, malori yakikujia kwa nyuma.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kutambua kuwa umefunga breki, ameshamaliza mita hizo 22, karibu urefu wa mabasi mawili makubwa, kabla mguu wake haujagusa breki yake. Anayegongwa kwa nyuma mara nyingi huumia shingo, kwani kichwa hurushwa nyuma kisha mbele kwa ghafla. Maumivu hayo yanaweza kudumu miezi mingi.

NJIA ILIYO SALAMA

Habari njema ni kwamba taa ya nyuma iliyofifia mara nyingi haihitaji kupuliziwa kitu. Vifuniko vya taa nyingi za nyuma vimetengenezwa kwa plastiki iitwayo akriliki, ambayo kwa asili yake huvumilia jua. Taa za mbele za magari ya kisasa ni tofauti. Hizo ni za polikaboneti, na hugeuka manjano tabaka lake la kinga likiliwa na jua. Wengi huona za mbele zikihitaji vanishi, wakadhani na za nyuma ni vivyo hivyo.

Fanya hivi. Osha taa kwa maji na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Bandika utepe wa karatasi pembeni ili usikwaruze rangi ya gari. Vaa glavu. Chukua msasa wa maji nambari 1000, uuloweshe, na usugue taratibu ukimwagia maji kila mara. Endelea na nambari 1500, kisha 2000. Usisugue kavu, kwa sababu vumbi la plastiki na la rangi kuukuu litaishia kifuani mwako. Maji hulishika vumbi hilo kabla halijaruka.

Taa itaonekana kama ina ukungu, usishtuke. Paka dawa ya kung'arishia magari kwa kitambaa laini na usugue kwa mzunguko hadi mng'aro urudi. Ikiwa mikwaruzo ni michache, dawa hiyo peke yake inatosha bila msasa. Malizia kwa nta ya gari.

Usifute taa kwa thina au petroli. Viyeyusho huifanya akriliki iote nyufa ndogo ndogo ambazo hazitoki tena. Wala usinawe mikono kwa petroli, kama ilivyo desturi ya mafundi wengi. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Mafuta ya kupikia na sabuni vitakutoa rangi mikononi bila madhara.

Kama kifuniko kimepasuka na maji yanaingia, usikihangaikie. Tafuta kingine. Na ikiwa ni lazima gari lipuliziwe vanishi, lipeleke kwa fundi mwenye chumba maalumu na vifaa vya kumletea hewa.

UKIPATWA NA MADHARA

Rangi au thina ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitali. Ikimwagika kwenye ngozi, vua nguo zilizolowa na uoshe kwa sabuni na maji. Mtoto akinywa thina, usimtapishe, na usimnyweshe maziwa ukidhani yatamtapisha au kuua sumu. Akitapika, thina inaweza kuingia mapafuni na kumdhuru zaidi. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Ukianza kukohoa au kubanwa na kifua, hata ikiwa ni saa kadhaa baada ya kazi, mwone daktari na umweleze waziwazi ulichokuwa ukipuliza. Mchukulie mkebe ausome. Bila habari hiyo, anaweza kukutibu mafua huku chanzo kikiwa kibarazani kwako.

Fundi unayepuliza rangi kila siku, wewe una hatari kubwa zaidi ya mwenye gari. Chunguza kama kifua hukubana siku za kazi na kupata nafuu ukienda likizo nyumbani mashambani. Ukiona hivyo, usingoje. Anayegunduliwa mapema na kuacha kuvuta kemikali hizo ana nafasi nzuri ya kupata nafuu. Anayeendelea hujiharibia mapafu kidogo kidogo.

Taa ya nyuma iliwekwa iwe nyekundu na ionekane kutoka mbali. Iache ifanye kazi hiyo, nawe uyaache mapafu yako yafanye yake.